Maswali na Majibu: Picha za Familia Bustanini Bila Kupozi

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia jambo moja. Familia imekwenda bustani ya umma, imepigwa picha za kutosha, na ilipozitazama nyumbani ikakuta kila mtu amesimama wima kama anayesubiri kukaguliwa. Tumechagua maswali yanayojirudia zaidi. Msimamo wetu tuuseme mapema: picha ya kujiachia haipatikani kwa kubahatisha. Mwanga, mahali na mchezo hupangwa kabla, na kinachoachwa huru ni nyuso na mikono ya watu tu.

SWALI: Nina watoto wawili, wa miaka mitatu na sita. Wakiwa peke yao ni vicheko mtindo mmoja. Nikiinua kamera tu, mkubwa anatoa meno yote nje na mdogo anajificha nyuma ya baba yake. Nifanyeje? (Mama Wawili)

JIBU: Mkubwa wako hana kosa, mama. Amezoeshwa kwamba kamera ikiinuliwa lazima acheke, naye anatii. Dawa ni kumpa kazi nyingine ya kufanya wakati huo, na kazi yenyewe isiwe "cheka".

Dakika kumi za kwanza kamera ikae shingoni, usiiinue kabisa. Tembeeni, waokote majani, wazoee mahali. Ukianza kupiga, anza na kazi nyepesi. Mwambie mkubwa amnong'oneze baba yake jina la chakula asichokipenda hata kidogo. Baba na mama wamshike mdogo mkono huku na huku, wahesabu hadi tatu kisha wamrushe juu wakiendelea kutembea. Washindane nani atafika kwanza kwenye ule mti, baba akiwa anaruka kwa mguu mmoja. Wazazi wakae kwenye nyasi na watoto wajaribu kuwaangusha. Mchezo mmoja haudumu zaidi ya dakika tatu au nne kwa mtoto wa umri huo, kwa hiyo njoo na michezo sita au saba kichwani na ubadilishe kabla hajachoka. Akishachoka umechelewa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoikosa picha. Mzaha unapotolewa, watu hucheka kwa sauti, midomo wazi, macho yamefumba. Wanaoanza hubonyeza hapo, kisha hushusha kamera kuangalia wamepata nini. Picha nzuri zaidi huja sekunde moja au mbili baadaye, kicheko kinapopungua na watu wakaangaliana, au mtoto akamwegemea mama bila kuambiwa. Kamera ibaki jichoni mpaka watu wenyewe wageuke kuangalia kwingine.

Mdogo anayejificha asitolewe kwa nguvu. Mpige akiwa hapo hapo, jicho moja likichungulia pembeni ya suruali ya baba. Picha hiyo wazazi huipenda kuliko nyingi. Kisha sogea nyuma mita tano au sita utumie lenzi ndefu kidogo, mm 85 kwa mfano. Ukiwa mbali hivyo atakusahau haraka. Shuka pia hadi macho yake, yaani piga goti au kaa chini kabisa. Ukimpiga mtoto kutoka urefu wa mtu mzima unapata utosi na nyasi.

Anayeharibu kazi kuliko watoto, tuseme ukweli, ni mzazi anayepaza sauti "Angalia kamera!" Mtoto anatazama, lakini mzazi naye amekunja uso akimtazama mtoto, na picha imekwisha. Kubalianeni kabla: mtoto aangalie anakotaka, wazazi waendelee kumwangalia yeye au waangaliane wenyewe.

Picha moja ya familia nzima ikitazama kamera ipigwe mapema, nguo zikiwa safi na magoti hayajapata matope. Dakika tano zinatosha. Ikishapatikana, bibi na shangazi wameshapata ya kuweka ukutani, nawe unakuwa huru.

SWALI: Tulipigia chini ya mti mkubwa ili kukwepa jua. Nyuso zimejaa madoa meupe, na ngozi zimekuwa na rangi ya kijani. Kamera imeharibika? (Msomaji wa Siku Nyingi)

JIBU: Kamera ni nzima. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na yote yanatoka mahali mliposimama.

Madoa yanatokana na jua linalopenya kati ya majani. Macho yetu huyazoea mpaka hatuyaoni, kamera haina mazoea hayo. Doa la jua kwenye shavu linaweza kuwa na mwanga mara nane au zaidi ya sehemu ya kivuli iliyo kando yake. Ukirekebisha kivuli, doa linaungua na kuwa jeupe tupu, na hakuna uhariri wa kulirudisha. Kabla ya kumsimamisha mtu, angalia ardhi: ikiwa na madoadoa, na uso utakuwa nayo. Tafuta kivuli kizito cha jengo, ukuta, au mti wenye matawi yaliyosongamana, kisha wasimamishe watu kama mita moja ndani ya ukingo wa kivuli, nyuso zikielekea kwenye anga iliyo wazi. Hapo mwanga unaingia laini kutoka mbele, macho yanapata nuru, na paji la uso haling'ai. Hakikisha na eneo lililo nyuma yao halichomwi na jua, vinginevyo litakuwa jeupe kama karatasi.

Ule ukijani unatoka kwenye nyasi na majani. Mwanga ukigonga nyasi hurudi juu ukiwa na rangi ya nyasi, ukapaka kidevu, chini ya macho na kila nguo nyeupe. Unazidi mtu anapokaa kwenye nyasi zenye jua huku uso wake uko kivulini. Hamia kwenye njia ya changarawe, saruji au udongo mweupe. Njia hiyo inarudisha mwanga usio na rangi na hata kulainisha kivuli cha chini ya macho. Kama lazima mkae kwenye nyasi, tandikeni shuka la rangi ya maziwa, lichukue eneo kubwa mbele yao, lisiishie chini ya makalio tu. Kwenye uhariri, sogeza kidogo kitelezi cha rangi kutoka kijani kuelekea zambarau, kwa ngozi peke yake. Ukisogeza picha nzima, majani yatakufa.

Mpangilio wa weupe (jinsi kamera inavyosawazisha rangi ya mwanga) usiuache kwenye "otomatiki" mkiwa mnahamahama kati ya jua na kivuli, kwa sababu kila fremu itakuwa na rangi yake na utakesha ukizisawazisha. Weka Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5500 juani, 6500 hadi 7000 kivulini, na upige RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalihariri, ili uweze kubadilisha baadaye.

Kuhusu saa: lenga saa moja ya mwisho kabla ya jua kuzama, au ya kwanza baada ya kuchomoza. Kipimo rahisi ni kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kirefu mara mbili ya kimo chako, jua limeshuka hadi nyuzi 27 hivi, na mwanga umeanza kulainika. Karibu na ikweta jua hushuka takribani wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mwanga wa dhahabu hauna subira: likishazama, giza liko dakika ishirini na kitu mbele yako. Mkichelewa nusu saa kufika, mmepoteza nusu ya kazi. Wanaoishi mbali na ikweta hupata muda mrefu zaidi, hasa wakati wa kiangazi. Siku ya mawingu ni neema, msiahirishe.

SWALI: Ndio kwanza nimenunua kamera yenye sensa ya APS-C na lenzi ya mm 50 f/1.8. Niliambiwa f/1.8 ndiyo inaleta ule ukungu mzuri nyuma ya watu. Mbona kwenye kila picha ya familia mtu mmoja anaonekana na wengine wamefifia? (Anayeanza)

JIBU: Uliambiwa kweli nusu. Namba ya f hupima apacha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukifungua lenzi hadi f/1.8 ukiwa mita 3 kutoka kwao, eneo lenye ukali ni karibu sentimita 25 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Baba akisimama nusu hatua nyuma ya mama, ametoka nje ya eneo hilo. Funga hadi f/4 hapo hapo ulipo na unapata zaidi ya nusu mita. Rudi nyuma hadi mita 5 ukiwa bado f/4, unapata karibu mita moja na nusu, ambayo inatosha familia ya watu watano iliyosimama bila mpangilio wa mistari. Kwa safu mbili au tatu nenda f/5.6.

Ukungu wa nyuma hautegemei apacha peke yake, unategemea pia umbali kati ya watu na kilicho nyuma yao. Familia ikiegemea kichaka, hata f/1.8 itaonyesha kila jani. Ivute mita nane au kumi mbele ya kichaka hicho, na f/4 itakupa ukungu wa kuridhisha kabisa. Bustani ina nafasi, itumie.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ndiyo ya kuichunga kuliko vyote. Watu waliokaa: 1/200 ya sekunde. Wanaotembea: 1/320 au zaidi. Watoto wanaokimbia au kurushwa juu: 1/800 hadi 1/1000. Chini ya hapo uso unaweza kuwa mzuri lakini mikono na miguu imefutika. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) otomatiki, kikomo chake kiwe 3200 au 6400, na kamera ikuruhusu kuamua shata na apacha mwenyewe. Chembechembe za ISO 3200 hakuna mteja anayeziona kwenye picha ya ukutani. Picha iliyotikisika wanaiona wote.

Fokasi iwe ya kufuatilia, ile inayoitwa AF-C kwenye Nikon na Sony, au AI Servo kwenye Canon nyingi, pamoja na kutambua macho kama kamera yako inayo. Ukiacha fokasi ya mara moja, kamera inashika mtoto alipokuwa, naye ameshasogea sentimita thelathini kabla shata haijafunguka. Mtoto anayekuja moja kwa moja kuelekea lenzi ndiye mgumu kuliko wote kwa fokasi. Mwambie akimbilie mtu aliyesimama pembeni yako, si wewe, ili apite kwa mshazari.

Piga mfululizo mfupi, fremu tatu hadi tano kila mara, si kubana kidole mpaka kadi ijae. Ukibana sekunde kadhaa kamera ndogo hujaa kumbukumbu yake ya ndani na kukwama, na hiyo ndiyo sekunde mtoto anapomrukia babu yake.

SWALI: Familia yetu ina watu weusi sana na wengine weupe. Kila mara upande mmoja unapotea: ama baba anakuwa giza tupu, ama mama anang'aa kama taa. (Dada Mkubwa)

JIBU: Kipimo cha mwanga cha kamera kinajengwa kwa kudhani kwamba kinachopimwa kina wastani wa kijivu. Ndiyo maana kinakosea kwa pande mbili, na kila upande una marekebisho yake.

Kama nyuma yenu kuna anga au nyasi zenye jua na kamera inapima eneo zima, itaona mwanga mwingi na kuipunguza picha. Wenye ngozi nyeusi ndio wa kwanza kupotea. Ongeza fidia ya mwanga +0.7 hadi +1.3. Lakini ukipima kwa nukta moja, moja kwa moja kwenye uso mweusi, mambo hugeuka: kamera inajaribu kuufanya uso huo uwe kijivu, unatoka umepauka na umepoteza uzuri wake. Hapo punguza, -0.7 au hata -1. Msidanganywe na wanaosema ngozi nyeusi ing'arishwe ndipo iwe nzuri. Inachohitaji ni mwanga mpana unaoteleza pembeni ya uso, ambao huchora mashavu na paji kwa mng'ao wake wenyewe.

Kwa kundi mchanganyiko, mpangilio unasaidia kuliko kitufe chochote. Waweke wenye ngozi nyeusi upande mwanga unakotoka, na weupe upande wa kivulini, hatua moja tu ya tofauti. Kisha pima kwa ajili ya uso mweupe kuliko wote: washa onyo la sehemu zilizoungua kwenye skrini, na ongeza mwanga mpaka paji la uso huo likaribie kumeta kabla ya kumeta. Faili ya RAW itakuruhusu kuinua nyuso nyeusi kwenye uhariri bila shida, lakini haitarudisha paji lililoungua. Kitambaa cheupe cha kuakisi mwanga, chenye upana wa mita moja hivi, kikishikwa chini ya kifua upande wa kivuli humaliza sehemu iliyobaki. Cha dhahabu kiache, kinageuza kila mtu kuwa wa manjano.

SWALI: Flashi inafaa? (Mwenye Haraka)

JIBU: Kwa picha za aina hii, hapana. Kamera nyingi hazivuki 1/200 au 1/250 flashi ikiwa imewashwa kwa njia ya kawaida, na watoto wanaokimbia wanataka kasi kubwa zaidi. Halafu kila mmweko unawakumbusha kuwa upo.

SWALI: Tuvae sare? Mume wangu anataka wote fulana nyeupe na jinzi. (Mama wa Nyumba Yenye Kelele)

JIBU: Mpeni mzee pole. Fulana nyeupe nne juani huungua kabla ya nyuso, na kwenye nyasi zinanyonya ukijani wote tulioueleza hapo juu. Chagueni rangi mbili au tatu zinazopatana, kila mtu avae mchanganyiko wake: udongo, bluu iliyopoa, maziwa, haradali. Kijani kibichi kinameza mtu kwenye majani. Pinki kali au chungwa la kung'aa hupaka rangi kidevu cha anayevaa na shavu la aliyebebwa. Mistari myembamba iliyobanana huleta mawimbi ya ajabu kwenye picha, kwa sababu inagongana na mpangilio wa nukta za sensa. Maandishi makubwa na beji za shule ziacheni nyumbani, hasa kama picha zitawekwa mtandaoni. Viatu viwe vya kukimbilia. Mtoto mwenye kiatu kinachobana hujulikana kwenye kila fremu.

SWALI: Mlinzi wa bustani alitusimamisha katikati ya kazi akasema tunahitaji kibali. Si bustani ni ya umma? (Mpiga Picha wa Mtaani)

JIBU: Ya umma maana yake kila mtu anaingia, haimaanishi kila kazi inaruhusiwa. Bustani nyingi hutofautisha mgeni anayepiga familia yake na mtu anayelipwa kupiga. Wa pili mara nyingi hutakiwa kuomba kibali na kulipa ada. Mlinzi hana namna ya kusoma nia yako, anaangalia dalili: stendi ya miguu mitatu, taa, mabegi mengi, wasaidizi, nguo za kubadilisha.

Wasiliana na ofisi ya bustani siku kadhaa kabla, uwaulize mambo haya moja kwa moja: kibali cha kazi ya kulipwa na muda wake, kama stendi na taa zinaruhusiwa, sehemu zilizofungwa, vitu vya kupambia kama maputo, vipande vya karatasi na moshi wa rangi, na droni. Jibu litakuja vizuri likiwa kwa maandishi, lichapishe na uliweke pia kwenye simu. Siku yenyewe pita kwa mlinzi kabla ya kuanza, mwonyeshe, msalimie kwa heshima yake. Mlinzi aliyejulishwa mapema ndiye atakayekuambia kwamba upande wa bwawa wanamwagilia saa hiyo.

Ndani ya bustani, msikanyage matuta ya maua hata kama picha inaonekana iko pale. Udongo ukishindiliwa karibu na mizizi, maji na hewa havipiti tena. Matawi hayaning'inizwi watoto. Njia isizibwe: mwenye kiti cha magurudumu au gari la mtoto apite bila kuomba.

Na kuna watoto wa wenyewe wanaocheza nyuma. Sheria za kupiga watu hadharani hutofautiana nchi hadi nchi, lakini adabu ni ileile popote. Subiri wapite, badilisha pembe, au tumia lenzi ndefu iwafifishe. Picha yenye sura ya mtoto asiyehusika, inayotambulika, usiiweke mtandaoni. Hata watoto wa mteja wako, andikeni kabisa kama unaruhusiwa kuwaonyesha na wapi, na ufute taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili kabla ya kuituma popote.

SWALI: Bibi yetu hawezi kutembea mbali, na kijana wetu wa miaka kumi na tano hataki kabisa kupigwa. Wote lazima wawepo. (Mjukuu wa Kwanza)

JIBU: Anzeni na bibi. Nendeni siku moja kabla kutafuta benchi lenye kivuli wakati ule ule wa siku, karibu na lango, lisilo na pipa la taka wala nguzo nyuma yake. Asipande, asishuke, asingoje juani. Jengeni familia kumzunguka yeye: wajukuu wadogo wakae chini miguuni, wakubwa wasimame nyuma wakiinama hadi vichwa vyao vikaribiane na chake. Mkono wa mtu uwe begani mwake. Kisha mwombeni awasimulie jinsi baba yao alivyokuwa mtundu akiwa mdogo, na mpiga picha akae kimya. Hapo hamhitaji kumfundisha mtu yeyote wapi aangalie. Mikono ya bibi ikishika ya mjukuu ipigwe peke yake, karibu, f/2.8, mwanga ukitoka pembeni ili mikunjo ionekane. Wakati huu picha ya familia nzima ipigwe kwanza kabisa, bibi akiwa bado na nguvu, kisha apumzike na wengine waendelee.

Kijana msimlazimishe wala msimbembeleze mbele ya watu. Mpe kazi: ashike kitambaa cha kuakisi mwanga, abebe mdogo wake mgongoni, awe wa kuanzisha mbio. Mpige kutoka pembeni na mbali, dakika mbili mbili. Mwahidini kwamba ataona picha zake kabla ya mtu mwingine na atakazokataa zitafutwa. Timizeni.

SWALI: Sina kamera, nina simu tu. Inatosha? (Mwanafunzi)

JIBU: Inatosha, kijana, ukikubali mipaka yake. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa laini. Ule ukungu unaozunguka kila taa na kila anga ni mafuta ya vidole. Usivute picha kwa vidole viwili. Sogea kwa miguu, au tumia lenzi ya pili ya mbali kama simu inayo. Lenzi pana ukiikaribia sura inakuza pua na kuvuta wanaosimama ukingoni mwa fremu, kwa hiyo kwa kundi rudi nyuma na uwaache katikati.

Bonyeza kwenye uso na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha teremsha mwanga kidogo kwa kidole ili anga isiungue. Ule mtindo wa kufifisha nyuma utumie kwa mtu aliyetulia tu. Unakisia ukingo wa mtu kwa hesabu, na ukikutana na nywele za afro, vidole vilivyoachana au mtoto anayekimbia, hukata vibaya na kumwacha hana sikio. Kwa watoto wanaocheza tumia kupiga mfululizo, na wahi kabla jua halijashuka sana. Sensa ya simu ni ndogo, ikikosa mwanga hupunguza kasi ya shata bila kukuambia, na hapo kila kitu kinachosogea kinafutika.

SWALI: Nikitoa kamera kwenye gari, picha za mwanzo zote zina ukungu mweupe. (Dereva)

JIBU: Gari lina kiyoyozi, nje kuna joto na unyevu. Unyevu unaganda kwenye kioo baridi. Funga kamera ndani ya begi lake, au ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha utoe begi nje kamera ikiwa bado ndani, na uiache nusu saa ipate joto taratibu. Usifute kioo cha mbele ukadhani umemaliza, ukungu mwingine uko nyuma ya lenzi. Wala usibadilishe lenzi wakati huo, utaingiza unyevu hadi kwenye sensa.

SWALI: Mteja anataka picha zote 700 nilizopiga. Nimpe? Na akizituma WhatsApp anasema zimeharibika. (Fundi Picha)

JIBU: Usimpe 700. Nusu ni za mfululizo, macho yamefumba, au mkono wa mtu umepita. Saa moja hadi saa moja na nusu ya kazi hutoa picha 50 hadi 80 za kukabidhi, na idadi hiyo iandikwe kwenye makubaliano kabla ya siku ya kazi, si baada. Chagua kwa mizunguko miwili. Wa kwanza uwe wa haraka: kuza hadi asilimia 100 kwenye jicho la aliye karibu na kamera, picha ambayo si kali iondoke, hata kama unaipenda. Wa pili ufanywe kesho yake, ukiangalia kila kundi la picha zinazofanana na kubakiza moja. Kuwa mwepesi kusamehe fremu iliyopinda kama tukio lenyewe liko hai, upindaji unanyooshwa. Uso uliokufa haunyooshwi.

Usifute chochote bustanini ukiwa na haraka, na usiifomati kadi mpaka faili ziwe kwenye diski mbili tofauti, moja ikikaa jengo jingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kamera ikiwa na nafasi mbili za kadi, iandike zote mbili kwa wakati mmoja.

Kuhusu WhatsApp, programu hiyo hubana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida ili iwe nyepesi. Mfundishe mteja kuituma kama dokumenti, au umpe kiungo cha kupakulia. Mwekee folda mbili: moja ya kuchapishia, faili kamili, na nyingine ya kusambaza, upande mrefu ukiwa pikseli 2048. Kwa ukuta, picha ya sentimita 20 kwa 30 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli kama 2360 kwa 3540, yaani megapikseli nane na kidogo. Kabla ya kuchapisha zote, toa moja ya majaribio. Skrini yako ikiwa imewekwa mwanga wa juu sana, chapa itatoka na giza, na ndipo mteja atakapodhani umemdanganya.